Kitunguu Saumu Ambacho Bwana Mifugo Hakukila

Kilichoninyima usingizi kiangazi kile chote ni harufu ya kitunguu saumu. Nilikuwa nimekaa jirani na Bwana Mifugo kwenye kikao cha harusi pale Katesh, akainama kuniuliza kama chai yangu ina sukari, na pumzi yake ikanifikia. Angekuwa mtu mwingine nisingewaza kitu. Lakini huyu nilimjua tangu niko shule ya msingi, na nilijua kwamba kitunguu saumu hakili. Akikikuta kwenye mchuzi alikuwa anakitoa kwa ncha ya kijiko, kipande baada ya kipande, anakipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayemtoa ng'ombe kupe.

Nilirudi kijijini kwetu Dirma na maelezo matatu kichwani, na kila nilipochagua moja, yale mawili yaliniamsha. Huenda uzee umembadilisha ulimi na sasa anakila. Huenda ni dawa ya kuogeshea mifugo, maana baadhi zina harufu hiyo, na yeye alikaa kwenye majosho karibu maisha yake yote ya kazi. Au ni seleniamu.

Nina shahada ya baiokemia na sina ajira, kwa hiyo nina muda mwingi wa kufikiri na mambo mengi ya kutisha ya kufikiria. Seleniamu ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Ukiyapata kupita kiasi, mwili hujitahidi kuitoa ziada kwa njia ya pumzi, na pumzi hiyo hunuka kitunguu saumu. Baadaye kucha huharibika, nywele hutoka, na vidole huingia ganzi. Kama ni hilo, basi mtu niliyemheshimu kuliko walimu wangu wote alikuwa anajitia sumu taratibu, na kwenye kikao kile chote ni mimi tu niliyeielewa ile harufu. Au sikuielewa. Ndiyo ilikuwa shida yangu.

Kwetu aliitwa Bwana Mifugo hata baada ya kustaafu. Watoto walimwamkia hivyo hivyo, shikamoo Bwana Mifugo, kana kwamba hilo ndilo jina alilobatizwa. Wapo waliojaribu kumwita Daktari, hasa wafugaji wa kule tambarare wakitaka jambo lao liende haraka, naye aliwakatiza.

"Daktari yuko hospitali, anatibu wanaosema. Mimi natibu wasiosema."

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti refu la mvua masika na kiangazi. Kabla hajaingia kwenye boma la mtu aliosha mabuti yake, na kabla hajatoka aliyaosha tena, hata kama maji yalitoka mbali na mwenye boma ananuna. Koti lile lilikuwa na mifuko mikubwa kama ya posta. Humo ndimo alimoweka kipimajoto ndani ya kasha lake, kamba, kipande cha sabuni, pipi za watoto, na vitu vingine ambavyo hakuna aliyevijua, kwa sababu mifuko ile haikuguswa. Marehemu mkewe alikuwa halifui koti mpaka yeye mwenyewe atoe vilivyomo. Nilimsikia siku moja akimwita kutoka uani, "Baba, njoo ushushe mzigo wako nifue," na yeye akaacha wageni ndani akaenda kuushusha.

Kilichomtofautisha na maofisa wengine ni mkanda. Alikuwa na ule mkanda wa kuzungushia kifua cha ng'ombe ili kukadiria uzito, na hakumchoma mnyama yeyote sindano kabla ya kumpima nao. Siku moja ndama wetu alikuwa amelala ubavu, macho yamegeuka, na Bwana Mifugo amepiga magoti anahangaika kupitisha mkanda chini ya kifua chake. Baba alishindwa kuvumilia.

"Bwana Mifugo, ndama anakufa, wewe unamshonea suruali?"

"Nikikosea kipimo atakufa kwa mkono wangu," akajibu bila kuinua kichwa. "Sasa hivi akifa ni kwa mkono wa Mungu. Wewe ungependa kugombana na nani?"

Ndama alipona, na kuanzia hapo baba alilisimulia jibu lile kwa kila mgeni kana kwamba alilitoa yeye.

Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo waliokuja kwake aliwaambia maneno yale yale: ng'ombe hasemi, usimsemee, mpime. Mimi sikuwa mwanafunzi wake, lakini maneno yale yalinishika. Nadhani ndiyo yaliyoniharibu. Mtu mwenye wasiwasi kama mimi akiambiwa apime kabla ya kusema, hupima mpaka wakati wa kusema unapita.

Nikiwa kidato cha tatu, ndama wa jirani yetu walianza kuanguka. Walikuwa wanene, wananyonya vizuri, halafu asubuhi moja ndama anakataa kuinuka. Ukimsimamisha, miguu inakakamaa na kutetemeka, anashuka tena. Watu walisema jirani katupiwa jicho baya. Mmoja alipokufa Bwana Mifugo alimpasua pale pale, akanikuta nachungulia kwenye ua.

"Wewe wa sayansi, acha kuchungulia. Ingia."

Nyama ya paja haikuwa nyekundu. Ilikuwa na michirizi iliyopauka, mahali pengine nyeupe kabisa kama nyama ya kuku iliyochemshwa. Aliigusa kwa ncha ya kisu.

"Msuli huu umeungua bila moto. Mwili ukiunguza chakula unatoa cheche. Kuna protini zinazokwenda nyuma yake kuzizima. Hizo protini bila seleniamu hazijengeki. Ng'ombe anaipata kwenye majani, majani yanaipata kwenye udongo. Udongo ukikosa, wote wanakosa, na ndama ndiye anayelala chini."

"Kwa hiyo udongo wa Dirma hauna?"

"Nadhani. Sijui. Hakuna aliyeupima. Ila nadhani."

Aliwapima waliobaki kwa mkanda wake, akawachoma dawa ya seleniamu na vitamini E. Baada ya siku chache mmoja alisimama, akayumba kama mlevi anayetoka kilabuni, akamfuata mama yake. Jirani alilia mbele za watu. Mimi nilikwenda chuo kwa sababu ya lile paja.

Chuoni nilikuta protini hizo ni chache tu katika mwili mzima, lakini ukiziondoa hakuna anayebaki salama. Baadhi huzima zile cheche, na zikipungua moyo wa mtoto unaweza kuchoka kama miguu ya ndama. Moja husafirisha seleniamu kwenye damu na kuigawa. Nyingine huigusa homoni ya tezi ya shingo na kuifanya ianze kazi. Na namna zinavyojengwa ilinishangaza kuliko kazi zake. Kwenye maandishi ya vinasaba kuna alama ambayo kwa kawaida husema: hapa mwisho, acha kujenga. Kwenye protini hizi chache alama ile ile husomwa tofauti kabisa: usiache, weka seleniamu hapa, endelea. Kinachoamua ni mkunjo mdogo unaokuja mbele zaidi kwenye ujumbe huo huo. Seli isiyousoma mkunjo ule huacha katikati, na protini hubaki kipande kisicho na kazi. Nilimweleza Bwana Mifugo habari hiyo likizo moja. Alicheka sana.

"Yaani hata humo ndani kuna anayeambiwa acha naye anaendelea?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi huyo ni mimi."

Alikuwa anasema kweli. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa na pande mbili zisizopatana. Hakuna jambo lililomkasirisha kama mtu kutumia dawa ya mifugo kwa binadamu. Kule tambarare lilikuwa jambo la kawaida, maana hospitali iko mbali na chupa ya dawa ya ng'ombe iko nyumbani. Nilikuwepo siku mama mmoja wa Kidatoga alipomletea mtoto anayekohoa pale joshoni.

"Ile uliyompa mtamba wangu imefanya kazi," mama akasema. "Mpe na huyu."

"Huyu ana kwato?"

"Hana."

"Ana mkia?"

Watu wakaanza kucheka. "Hana," mama akajibu.

"Basi dawa ya wenye kwato haimhusu."

"Na wewe Bwana Mifugo huna kwato," mama akasema taratibu, "mbona unakaa nao tu?"

Josho zima liliangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Halafu aliacha ng'ombe kwenye foleni, akampandisha mama na mtoto kwenye pikipiki ya serikali, akawapeleka zahanati. Wenye ng'ombe walisubiri juani wakilalamika. Aliporudi aliwahutubia wote, kwa ukali, kwamba atakayemkuta anampa mtu dawa ya ng'ombe atampeleka polisi, hata awe shemeji yake.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa shingo yake.

Alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Lilianza kama kitu alichomeza kikakwama, likakua polepole kwa miaka, akaanza kuvaa skafu ya sufu. Kwenye mikutano ya kijiji alikuwa anasimama na kuwaambia akina mama wanunue chumvi ya paketi yenye madini joto. Nyumbani kwake alikula chumvi ya ziwani, yale mabonge ya kijivu aliyoletewa na wafugaji kama shukrani. Mkewe alipomkumbusha alisema ile ya paketi haina ladha, ni kama kulamba karatasi. Na hospitali hakutaka kwenda, kwa sababu alijua watamwambia habari ya upasuaji.

"Nimefungua shingo nyingi," aliniambia. "Najua humo ndani kuna nini na kiko karibu na nini. Asiyejua ndiye anayekubali kukatwa."

Sikuwahi kumwona akiogopa kitu kingine. Hata fahali alikuwa anamshika pembe.

Mlima ulio juu ya Katesh ulipoporomosha tope likashuka mpaka Jorodom, mtaa aliokuwa anaishi, nyumba yake ilibaki imesimama. Zizi lilikwenda, na ng'ombe wote ndani yake. Watu wengi walipoteza watu, kwa hiyo yeye hakuona kuwa ana haki ya kulalamika. Nilipokwenda kumpa pole alisema neno moja tu: "Sikuwafungulia." Hakulirudia tena. Hakununua ng'ombe wengine. Kila asubuhi aliosha mabuti, akayavaa, akaketi barazani.

Baraza lile lilikuwa linatazama mahali palipokuwa na zizi.

Siku chache baada ya kile kikao cha harusi nilipanda bodaboda mpaka Katesh, nikatembea hadi kwake. Nilijiambia nakwenda kusalimia. Aliitikia shikamoo yangu kwa furaha, akanipikia chai mwenyewe, akataka tuzungumze sayansi.

"Wewe umesomea, nisahihishe. Tezi ya shingo inatoa homoni ambayo bado imelala. Anayeiamsha ni protini yenye seleniamu. Kweli au uongo?"

"Kweli, Mzee."

"Basi," akasema, kama hakimu aliyefunga kesi.

Nilitaka kumwambia kwamba kweli hiyo ni nusu. Bila madini joto, homoni yenyewe ni kidogo, na kuiharakisha kunaweza hata kumaliza ile kidogo iliyopo. Lakini nilikuwa natazama mkono ulioshika birika. Kucha zake zilikuwa na mistari myeupe iliyokingama, na ya kidole gumba ilikuwa inaachia kwenye mzizi. Alipovua kofia kujikuna, nywele zilikuwa zimetoka kwa mabaka.

Juu ya rafu, pamoja na kikombe na sukari, kulikuwa na chupa ya rangi ya kahawia yenye picha ya ndama. Niliijua. Ilikuwa dawa ile ile ya kidato cha tatu. Kifuniko cha mpira cha kupitishia sindano kilikuwa kimeng'olewa, na mdomo wa chupa umefungwa kwa kipande cha nailoni na uzi. Chupa ya kuchoma haifungwi hivyo. Inafungwa hivyo chupa ya kumimina. Kando yake palikuwa na kijiko. Vitu vyote juu ya ile rafu vilikuwa na vumbi isipokuwa hivyo viwili, na nyumba ile haikuwa na hata mbuzi.

Nilimaliza chai yangu, nikaaga.

Sitaki kueleza sana siku zilizofuata, kwa sababu sikufanya lolote. Niliandika ujumbe kwenye simu nikafuta. Nilifikiri kwamba kucha zinaweza kuwa fangasi. Nilifikiri kwamba chupa ile inaweza kuwa ya ng'ombe wa jirani. Nilifikiri kwamba nikikosea nitakuwa nimemwita mtu yule mjinga, na nikipatia nitakuwa nimemwita mnafiki, maana Katesh nzima ilikumbuka hotuba ya josho. Hadithi ya Bwana Mifugo mwenye kwato ingesimuliwa mnadani mpaka wajukuu. Nilimwuliza mama, bila kutaja chupa, kama inafaa kumwonya mtu mzima kuhusu dawa.

"Mtu gani?"

"Bwana Mifugo."

Mama aliacha kuchambua maharage. "Aliyemwokoa ndama wa baba yako? Wewe ndiye utakwenda kumwambia hajui kupima?"

Lakini alikuwa anajua kupima, na hapo ndipo nilipoelewa kosa lake. Kiasi cha kijiko lazima alikuwa amekipiga hesabu vizuri, kilo kwa kilo, kama alivyofanya kwa kila mnyama. Ila ndama huchomwa mara moja, pengine na mara nyingine baada ya majuma, na anaachwa. Yeye alikuwa na uvimbe kila siku, kwa hiyo alikunywa kila siku. Mkanda ulikuwa unampa uzito tu. Haukumwambia lini aache.

Nikarudi Jorodom. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza, na nilipofika ilikuwa imenitoka. Mkanda ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikautoa.

"Mzee, naomba nikupime."

Alidhani ni mzaha. Akasimama, akainua mikono, akasema nisimtekenye. Niliuzungusha kifuani mwake juu ya koti na kuusoma.

"Nina kilo ngapi?"

"Sijui, Mzee. Huu mkanda ni wa ng'ombe."

"Sasa unanipima nao wa nini?"

"Kwa sababu na dawa ni ya ng'ombe."

Aliishusha mikono polepole.

"Nani kakwambia?"

"Kucha zako."

Akazitazama, kisha akaziingiza mfukoni. "Nimeanza kupiga hesabu za dozi kabla mama yako hajaolewa. Naipima ile. Sinywi kama uji."

"Unanywa kila siku, Mzee. Ndama humpi kila siku."

"Nenda nyumbani, binti."

"Mzee, ganzi ikishaanza..."

"Nimesema nenda. Na huo mkanda uache ulipoukuta."

Niliuacha. Kwenye bodaboda nililia, dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia bado.

Kiangazi kiliendelea. Nilijaribu kujiridhisha kwamba nimeshasema, na kwamba mtu mzima akiambiwa inatosha. Haikunitosha. Halafu asubuhi moja simu iliita. Alikuwa Bwana Mifugo, ambaye hakupenda kupiga simu.

"Jana nimeshindwa kufunga vifungo vya shati," alisema. "Vidole havina habari na mimi."

"Nakuja, Mzee."

"Sikiliza kwanza. Hapa Katesh siendi. Hapa kila nesi nimemchanjia baba yake ng'ombe. Tutakwenda Mbulu. Na tunakwenda kwa ajili ya shingo. Ile chupa haitajwi. Ukiitaja nashuka, hata kama tuko porini, na sitapanda tena gari na wewe. Umekubali?"

Nilikubali. Ningekubali lolote ili apande basi.

Nilimkuta ameshavaa koti na mabuti yanametameta. Ndani ya basi alitaka dirishani. Tulipoanza kupanda milimani na baridi kuingia, alichangamka, akawa ananionyesha ng'ombe waliokuwa wanachungwa kando ya barabara na kuwatolea hukumu: yule ana minyoo, yule ana mimba, mwenye yule ni mvivu. Abiria wa mbele alicheka akamwuliza kama anawasikia wakimwambia.

"Wangekuwa wanasema ningekuwa tajiri," akajibu.

Lakini kila basi liliporuka kwenye shimo aliuwekea kiganja mfuko wake wa kulia. Kulikuwa na kitu kigumu mle ndani, kikigonga kasha la kipimajoto. Ile chupa hakuiacha nyumbani. Jioni ingefika, na yeye angetafuta pa kujificha ameze.

Nilitazama kiganja kile mpaka Mbulu. Kichwani nikamwona daktari akipima shingo, akiandika vipimo vya tezi, akitupangia siku ya kurudi. Hakuna daktari anayetafuta seleniamu kwa mtu ambaye hajasema. Tungerudi Katesh na karatasi, na yeye angeendelea na kijiko chake mpaka ganzi ipande kutoka vidoleni. Upande wa pili kulikuwa na neno langu, na uso wake akisimama na kutoka nje ya mlango, na hatapanda tena gari na mimi wala na mtu mwingine. Nilijua atatimiza. Alikuwa mtu wa kutimiza.

Daktari alikuwa kijana, pengine rika langu. Alimwamkia shikamoo vizuri, akaomba radhi kwa kumgusa shingo, akaikagua bila haraka.

"Baba, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana."

"Hata za kienyeji?"

"Hata hizo."

"Nywele zimeanza lini kutoka?"

"Uzee huo."

"Na kucha?"

"Kazi."

Daktari aliandika. Niliangalia kalamu ikiandika hapana, uzee, kazi. Bwana Mifugo alikuwa amenyoosha mgongo, macho ukutani, amefunga mdomo kama mnyama aliyeletwa kwa kamba. Maisha yangu yote nilikuwa nimelishika lile fundisho lake, usimsemee, mpime. Nilikuwa nimeshapima. Nilikuwa nimepima tangu kwenye kikao cha harusi, na hapakuwa na kitu kingine cha kupima ila lini nitaacha kupima.

Nikasimama. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti, ambao hata mkewe hakuugusa, nikapita kasha, nikapita kamba, nikaitoa chupa nikaiweka mezani, picha ya ndama ikamtazama daktari.

"Anakunywa hii," nikasema. "Kijiko kimoja kila siku. Ni seleniamu. Imeshazidi mwilini, naomba mwanzie hapo kabla ya shingo."

Daktari aliishika chupa, akaisoma, akaigeuza, akamtazama mzee. Bwana Mifugo hakunitazama. Aliitazama chupa. Nikashika ukingo wa meza nikisubiri kusikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Viwili," akasema.

"Samahani, baba?"

"Si kijiko kimoja. Viwili. Asubuhi na jioni, tangu masika." Alivuta pumzi, na harufu ile ikajaa chumba kizima. "Andika kipimo sahihi, mwanangu. Huyu kakosea."

Kisha alipeleka mikono shingoni kufungua skafu. Vidole vilihangaika kwenye fundo, vikateleza, vikarudi, vikateleza tena. Akaishusha mikono, akageuza kiti kuelekea kwangu, akainamisha kichwa nimfungulie.

Nikamfungulia.